Riwaya imenigomea ukurasa wa 180: warudiane au wasirudiane?

KalamuKavu

Wakuu, habari za siku. Nina riwaya nimeihangaikia mwaka wa tatu huu. Kijana wa miaka 19 anapendana na binti, wanaahidiana mengi, kisha anapata nafasi ya kwenda kusoma mbali. Binti anamwandikia kwamba ana mimba. Anaisoma barua akiwa amesimama, anaikunja mara nne, anaichomeka ndani ya kamusi. Hakuamua kutojibu. Alisema atajibu kesho. Kesho hiyo ikawa miaka 28.

Sasa ana 47. Siku anahama nyumba, kamusi inaanguka, barua inachomoza, naye anafunga safari kumtafuta. Hapo ndipo nilipokwama. Nimeandika miisho mitatu. Wa kwanza wanarudiana. Niliona haya kuusoma kwa sauti. Wa pili anakuta mwanamke amefariki, nikajiona nimetoroka kazi. Wa tatu wanaongea kidogo, kila mtu anashika njia yake. Dada yangu kasoma yote mitatu, akanirudishia karatasi na kusema, "Huyu mwanamume wako ananichosha." Hakuongeza neno. Nisaidieni, msomaji anadai nini hapa?

SomaUsilale

Warudiane mkuu! Machungu tunayo ya kutosha nje ya vitabu. Hata Dickens, yule mwandishi Mwingereza, aliregeza kamba. Mwisho wake wa kwanza wa Great Expectations, Pip anakutana na Estella, binti aliyempenda tangu utotoni, jijini London, mwenzake yumo kwenye gari la farasi na ameshaolewa na daktari, wanasalimiana, basi. Rafiki yake Bulwer-Lytton, mwandishi naye, akamshauri abadilishe, na kitabu kilipokamilika mwaka 1861 wawili hao wanaondoka wameshikana mikono. Kama Dickens alikubali kushauriwa, wewe ni nani?

BiKitabu

SomaUsilale mwanangu, wapo wengi tu wanaoona ule mwisho wa kwanza ndio uliokuwa wa kweli. Lakini tuyaache hayo.

KalamuKavu, nimekusoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja. Mtoto yuko wapi? Umetueleza barua ilikunjwa mara ngapi, umetueleza kamusi, umetuletea miisho mitatu, na kote humo ile mimba haikuzaa wala haikuharibika. Imeyeyuka. Kama mtoto alizaliwa, leo anakaribia miaka 28, ni mkubwa kuliko baba yake alivyokuwa siku ile anaficha barua. Wewe bado unauliza kama wazee wawili watashikana mikono! Nadhani dada yako alichoka kwa sababu hiyo. Bwana huyu anajutia mapenzi yake tu, majuto ambayo hayamgharimu kitu.

Na huyo mwanamke umempa kazi gani? Anaamka saa ngapi? Au amekaa dirishani miaka yote hiyo akisubiri ukurasa wa 180 ufike?

Nikupe mfano mmoja. Katika riwaya ya Persuasion, Anne Elliot alivunja uchumba na Wentworth akiwa na miaka 19 kwa kusikiliza ushauri wa wakubwa, na tunamkuta ana 27. Jane Austen aliandika jinsi wanavyopatana, hakuridhika, akaandika upya mwaka 1816. Safari hii Wentworth amekaa mezani anaandika barua, Anne yuko chumba hichohicho anaongea na mtu mwingine kuhusu nani husahau upesi, mwanamume au mwanamke. Kalamu ya Wentworth inadondoka. Hajasema neno, na msomaji ameshajua kwamba anasikiliza. Wewe wa kwako wanapokutana wanaanza kuhutubiana, au nakosea?

Mchokozi_Tu

Samahani, mimi swali langu ni dogo. Mtu kaenda masomoni, barua iko ndani ya kamusi, na miaka 28 hajawahi kutafuta neno hata moja? Huyo huko alisoma nini?

KalamuKavu

Mchokozi, nimecheka, halafu nikanyamaza. Kamusi haikuanguka. Haiwezekani kabisa. Huyu bwana alijua barua iko ukurasa gani, na ndiyo maana alinunua kamusi ya pili. Ile ya kwanza imehama naye nyumba baada ya nyumba, jalada lake bado jipya, na hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kuuliza kwa nini zipo mbili. Nimefuta sura nzima ya kuhama.

Bi Kitabu, shikamoo. Ndiyo, wanahutubiana, kurasa nne. Na kazi sikumpa. Nimeona aibu kweli, maana mwanamume nimempa hadi chapa ya viatu.

Jana usiku nimeandika ukurasa mmoja tu. Anapiga simu, inapokelewa na sauti ya kike ya mtu mwenye haraka: mama yuko kazini, anarudi jioni, nimwambie nani kapiga? Kimya. Kisha ile sauti, bila hasira yoyote, inarudia swali polepole kama mtu anayeongea na mzee asiyesikia vizuri. Nimeishia hapo.

Nimempa dada. Kasoma, kageuza karatasi kuangalia upande wa pili, hamna kitu. "Enhe," akasema, "akajitaja?"

BiKitabu

Marahaba. Usiniambie bado. Andika.