Maduka ya mitumba, acheni kukata ukingo wa vitambaa vya zamani!

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira wala sitaificha, kwa sababu jambo lililonikuta wiki hii nimeshalivumilia mara nyingi mno katika maduka ya vitu vilivyotumika, na sasa nimechoka.

Nilikuwa nimeinama kwenye kapu la mashuka na mapazia, nikipapasa kwa vidole kama nifanyavyo siku zote, maana kitambaa cha zamani mkono hukitambua kabla ya jicho. Nikagusa kitu kizito, chenye ubaridi na vinundu vidogo vya uzi, ambacho hakikufanana hata kidogo na poliesta iliyokizunguka. Nikakivuta. Kilikuwa kitambaa cha pazia chenye rangi ya haradali, kilichochapwa maumbo kama vikombe vya maua vilivyoning'inia kwenye mashina membamba meusi, yaani mtindo ule uliopata nguvu baada ya Lucienne Day, mchoraji wa nakshi za vitambaa, kuonyesha kitambaa chake kiitwacho Calyx huko Uingereza mwaka 1951, wachoraji wengine nao wakaanza kuyaacha mawaridi na kuchora mimea ya kufikirika. Sisemi kwamba nilichokishika kilikuwa kazi yake. Nasema kwamba moyo ulinidunda, na aliyewahi kupata kitu cha namna hiyo chini ya rundo la mashuka yaliyochakaa ananielewa.

Nilipokikunjua, nikakuta kimekatwa vipande. Havikuwa vipande vya pazia lililofumuliwa na fundi, bali vilikatwa juzijuzi kwa makasi butu, nyuzi zikiwa bado zinaning'inia, na kila kipande kina urefu wa sentimita 50 hivi. Nakshi yenyewe hujirudia baada ya sentimita 60 na ushee, maana nimepima mara tatu, kwa hiyo hakuna hata kipande kimoja kinachoonyesha mchoro mzima. Ua limekatwa shingo huku, shina lake liko kule, na ukijaribu kuviunganisha, upana ulioliwa na mshono unaharibu mpangilio wote.

Hata hivyo, hilo silo lililonichoma zaidi. Ukingo wa kitambaa, ule wa pembeni ambao uzi wake haufumuki, ulikuwa umenyofolewa pande zote mbili. Kwa asiyefahamu, naomba nieleze, kwa kuwa naamini wenye maduka wengi hawajui wanachokitupa. Katika vitambaa vingi vya mapazia vilivyochapwa karne iliyopita, ukingo huo ndipo mahali jina la kiwanda lilipoandikwa, pengine na jina la mchoraji na la mchoro wenyewe, na kando yake safu ya vidoti vya rangi, kila kidoti kikionyesha rangi moja iliyotumika kuchapia. Ukingo ukiwapo pande zote mbili, unapata pia upana kamili wa jora, na upana nao unazungumza: vitambaa vingi vya nguo vya zamani vilikuwa na inchi 36, yaani sentimita 91 hivi, na vya mapazia mara nyingi inchi 48, wakati vya leo kwa kawaida ni vipana zaidi. Ukishaukata ukingo, umekinyang'anya kitambaa cheti chake cha kuzaliwa.

Nilimuuliza muuzaji kwa adabu kwa nini wamefanya hivyo. "Dada, vipande vidogo vinatoka haraka," akanijibu. "Na pembeni palikuwa na maandishi, tukaona ni uchafu, tukapaondoa." Uchafu! Nilisimama pale nikakosa neno. Simlaumu kijana yule peke yake, kwa kuwa ametumwa na hakufundishwa. Namlaumu mwenye duka anayeandika "cha zamani, adimu" kwenye kila kitu chenye maua, kisha kile kilicho adimu kweli anakipitishia makasi.

Na makasi siyo balaa pekee. Lebo ya bei ilikuwa imebanwa kwa pini za stepla katikati ya ua, na pini moja imeshashika kutu, imeacha doa la kahawia ambalo sitathubutu kulisugua. Kwingine nimewahi kukuta hariri iliyofuliwa kwa dawa yenye klorini, ambayo huila hariri na sufu hadi zikalegea na kukatika. Uchafu ungeweza kungoja mtu anayejua kuutoa, lakini uzi ulioliwa haurudi.

Nilivinunua vipande vitatu vilivyokuwapo. Nyumbani nilichomoa nyuzi mbili nikazichoma: zikatoa harufu ya karatasi inayoungua, zikaacha jivu laini la kijivu, bila lile tone gumu linaloachwa na poliesta inapoyeyuka, kwa hiyo ni uzi wa mmea, na kwa vile vinundu nadhani ni kitani. Kwenye kona ya kipande kimoja makasi yalikuwa yamepinda, yakaacha utepe wa ukingo usiozidi urefu wa kidole. Una vidoti viwili, kimoja cha haradali na nusu ya cheusi, na herufi tatu zilizokatwa miguu. Nimezitazama kwa lenzi usiku kucha.

Wenye maduka mnaosoma hapa, nawasihi: kitambaa kikija kizima, kiacheni kizima. Kipimeni, kikunjeni, fungeni lebo kwa uzi, na pangeni bei mnayoitaka, tutalipa. Ukingo wenye maandishi msiuguse kabisa.

Muuzaji aliniambia vilikuwa vipande vinne na kimoja kilishauzwa. Wewe uliyekichukua kile cha haradali chenye mashina meusi, tafadhali angalia pembeni kabla hujashona, na ukikuta herufi yoyote, iandike hapa.