Kijana wetu anatoka kituoni mwakani, nianze kumfundisha nini?

MleziMoro
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto Morogoro. Kijana wetu anatimiza miaka 18 mwakani, anasoma umeme wa majumbani VETA, akimaliza ataanza kujitegemea. Ana adabu na kazi anaiweza. Ila hapa chakula kinapikwa cha wote, LUKU inanunua ofisi, akiumwa tunampeleka sisi. Hajawahi kununua hata fungu la nyanya kwa hela yake. Mliopitia haya, nianzie wapi?

BintiKilosa
Shikamoo mama. Nimelelewa kituoni, sasa nimepanga Mbagala, nashona nguo. Anza na makaratasi akiwa bado mikononi mwenu. Cheti cha kuzaliwa kifuatilieni RITA sasa, akitimiza 18 aende NIDA. Asipokuwa na namba ya NIDA hawezi kusajili laini kwa jina lake, na malipo yake ya kwanza yatapitia kwenye simu ya mtu mwingine. Hapo ndipo wengi wetu tunadhulumiwa.

Halafu mpeni hela ya chakula ya wiki nzima, ajinunulie na kujipikia. Ikiisha Alhamisi msimwongezee, arudi kula cha kituo. Bora imwishie huko kuliko chumbani peke yake.

Nendeni naye kutafuta chumba hata kama hahami leo. Amsikie dalali anavyodai kodi ya mwezi mmoja juu ya ile ya miezi sita ya mwenye nyumba. Aulize LUKU ni ya kwake au ya kuchangia, maji yanatoka siku zipi, choo wanatumia wangapi. Akiambiwa mkataba wa nini, tunaaminiana, aage aondoke.

FundiKihonda
Anunue koleo, bisibisi na testa zake kabla hajatoka. Fundi wa kuazima vifaa ujira wake unakatwa kila siku. Na mumweleze wazi kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, maana watamfuata palepale saiti.

MleziMoro
Marahaba mwanangu, asanteni wote. Kesho namwomba meneja tumtengee jiko. Binti, ulipougua ukiwa peke yako ulimpigia nani?

BintiKilosa
Mlezi wangu wa zamani, saa nane usiku, na alipokea. Mwambie kabisa kwamba anaruhusiwa kukupigia, maana sisi huona aibu kusumbua. Namba yako aiandike kwenye daftari pamoja na ya mjumbe wa mtaa wake, simu zinaibwa sana huku.