Magazeti ya zamani ya maktaba: jina la babu halitokei nikitafuta

Mjukuu77:
Wakuu, naomba msaada. Maktaba yetu ya umma imeweka mtandaoni magazeti ya zamani, rejista za makaburi na vitabu vya orodha ya wakazi. Naandika jina la baba yake babu, jibu ni lile lile: hakuna matokeo. Mama mkubwa anasema tanzia yake ilitoka gazetini, na kile kipande aliwahi kukishika mwenyewe. Nianzie wapi?

Mkutubi_Mstaafu:
Usikate tamaa mapema. Nimefanya kazi miaka mingi chumba cha historia maktabani, na hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili. Ukurasa uliopigwa skani ni picha. Kisanduku cha kutafutia hakisomi picha ile, kinasoma maandishi ambayo kompyuta imeyabahatisha kutoka kwenye picha. Wino ukiwa umevuja, au mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo ndogo za kurasa) imechubuka, "rn" inageuka "m", "e" inageuka "c", na jina lililokatwa mwishoni mwa mstari linahesabiwa vipande viwili. Tanzia inaweza kuwa imo, ila jina limeharibika.

Kwa hiyo jina liweke kando kwanza. Tafuta vilivyomzunguka: mtaa aliokaa, kazi yake, jina la mkwewe. Andika neno moja moja. Ukiujua mwezi aliofariki, achana na kisanduku kabisa, fungua matoleo ya wiki zile na usome kwa macho, ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini ndiyo njia iliyonipatia watu wengi kuliko nyingine yoyote. Ukija kumtafuta mkewe, mtafute kwa jina la mume. Magazeti mengi ya zamani yalimwandika hivyo mwanamke aliyeolewa.

Mjukuu77:
Asante sana mzee wangu. Mwezi naujua, cheti cha kifo ninacho. Na hivi vitabu vya wakazi vina faida gani?

Mkutubi_Mstaafu:
Kubwa mno, na watu wanavipita tu! Sensa kwa kawaida huja baada ya miaka 10, vitabu hivi miji mingi ilivitoa karibu kila mwaka. Mfuate babu toleo hadi toleo: hapa seremala, pale mlinzi, kisha kahamia mtaa wa pili. Mara jina lake linatoweka, na mkewe anaandikwa mjane. Marekani, sehemu kubwa ya sensa ya 1890 iliharibika kwa moto wa 1921 kule Washington, na watafiti wa nasaba huliziba pengo la kati ya 1880 na 1900 kwa vitabu vya namna hii.

BintiKarani:
Nyongeza: FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, ni bure, ila kuna picha zinazofunguka tu ukiwa kwenye kituo chao au maktaba mshirika. Ukiona alama ya kamera yenye ufunguo juu yake, ulizia kama maktaba yako ni mshirika.

Mkutubi_Mstaafu:
Kweli kabisa. Na wewe Mjukuu, ukiipata tanzia usikate kipande peke yake. Hifadhi ukurasa mzima, uandike jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa. Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Australia yenye magazeti ya zamani, inamruhusu msomaji kusahihisha mstari uliosomwa vibaya. Kama tovuti yenu nayo inaruhusu, sahihisha jina la babu hapo hapo, binamu zako walipate kwa kutafuta mara moja.