Eti mvua "inahitaji" kunyesha! Mwalimu wa Kiswahili anataka kunipa presha

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Juzi kaja na daftari la insha limejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika: "Wingu lilikuwa jeusi, mvua ilitaka kunyesha, mama akaanua nguo." Neno "ilitaka" limekatwa mistari miwili, juu yake mwalimu kaandika "ilihitaji". Pembeni kaongeza: "Mvua haina moyo wa kutaka." Alama mbili hizo zimekwenda.

Mvua ilihitaji kunyesha! Kwani ilikuwa imepungukiwa na nini? Anayehitaji ni mwenye mahindi yanayokauka shambani. Mvua ikitaka kunyesha maana yake iko mlangoni, kimbilia kamba ya nguo. Mtoto anataka kuanguka, mdake! Hapo nani kasema mtoto ana hamu ya kuanguka? Mafuta ya taa yanataka kwisha. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilitaka kufa kwa malaria, na wallahi sikuwa na nia hiyo.

Kinachoniuma zaidi, mwalimu katoka Masaka, Kiluganda ndicho alichonyonya. Kwao wingu likitanda husema "enkuba eyagala kutonnya". Sasa hiyo eyagala ni nini kama si inataka? Mvua ya Kiluganda ina ruhusa, ya Kiswahili inanyang'anywa alama.

Nikaenda shuleni. Nikabisha hodi kwa adabu zote: "Mwalimu, habari za kazi, naomba tuongee kidogo kuhusu insha ya mtoto." Akainua kichwa: "Mzazi, unataka nini?" Mbele ya watu! Swali hilo nimezoea kuulizwa na askari kizuizini usiku, si na mwalimu wa lugha. Na ndivyo anavyowafundisha: "Mwalimu, nataka kwenda msalani." Kwetu mtoto huomba ruhusa; ukisema nataka, unaulizwa unamtumaje mkubwa wako.

Ngoja, bado. Ukutani kabandika kadi ambazo wanafunzi wamewaandikia mama zao. Mmoja kaandika "Mama, ninakutaka sana", na pembeni vema kubwa! Najua ilikotoka: okwagala ya Kiluganda inabeba kupenda na kutaka pamoja, mtoto kachukua ya pili. Simlaumu. Lakini wewe uliyeweka vema, hujui kijana akimwambia mtu "nakutaka" anaongelea habari gani? Mvua umeinyima, hii ukaipitisha!

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima, nilikuwa wa kwanza kushangilia. Tumetoka mbali, watu walikiona ni lugha ya jeshi na ya wezi tu. Lakini ndugu zangu, kitabu alicho nacho kinampa neno moja na maana moja, na yeye hataki kutoka nje akasikiliza soko la hapa mpakani linavyosema.

Jumatatu narudi kwa mwalimu mkuu. Alama mbili za mtoto nazitaka, na hapa nataka ni ile ya nia kabisa.

Jana jioni wingu limetanda, binti kasimama mlangoni: "Baba, mvua inahitaji kunyesha, nianue nguo?" Tukabaki tunabishana. Shati langu la kazini bado linachuruzika maji.