Majaribio ya kiotomatiki kwenye mradi huria: yanasaidia au yanafukuza wachangiaji?

nyuki_mdogo: Habari zenu wakuu. Nina programu huria yenye wachangiaji watatu. Mmoja anataka kila msimbo unaotumwa upitie majaribio ya GitHub Actions (huduma ya GitHub, tovuti ya kutunzia misimbo, inayoendesha majaribio yenyewe kwenye seva zake) kabla sijaupokea. Naogopa wageni wakiona alama nyekundu ya kufeli watakimbia. Mliojaribu, mlionaje?

Bi_Saa: Kaka, mimi natunza maktaba ya Python inayosoma saa kwa Kiswahili: 07:00 inakuwa saa moja asubuhi. Miaka miwili niliijaribu kwenye laptopu yangu tu, kila kitu kikapita. Siku niliyowasha Actions, majaribio kumi na moja yakaanguka kwa mpigo. Seva za Actions zinafuata UTC (majira ya kimataifa), mimi niko Tanga, mbele kwa masaa matatu, na msimbo wangu ulikuwa unafuata majira ya mashine yoyote inayouendesha. Yaani aliyeiweka kwenye seva alikuwa anasomewa saa kumi alfajiri wakati Tanga jua limeshatoka. Peke yangu nisingeliona kamwe.

Kuhusu wageni, hofu yako ni ya kweli. Ila kwangu hawakukimbia majaribio, walikimbia kikagua mtindo, programu inayokagua mpangilio wa msimbo. Kijana mmoja alirekebisha "saa sita usiku" vizuri kabisa, mashine ikamkatalia kwa nafasi mbili tupu mwishoni mwa mstari. Hakurudi, na bado linaniuma. Sasa nafasi nazipanga mwenyewe baada ya kupokea.

Halafu mchangiaji wa mara ya kwanza husubiri kibali chako ndipo majaribio yaanze. GitHub waliweka hivyo 2021 baada ya watu kuchimbia sarafu za kidijitali kwenye seva zao. Kitoe siku hiyohiyo.

fundi_mnara: Naunga mkono, ila kutoa matoleo kiotomatiki usikimbilie. Machi 2025 tj-actions/changed-files, kipande cha Actions cha watu wengine kilichokuwa kinatumiwa na maelfu ya miradi, kiliingiliwa. Lebo za matoleo yake zilielekezwa kwenye msimbo mbaya, funguo za siri za miradi zikamwagika kwenye logi (kumbukumbu za kila jaribio). Vipande vya watu vifunge kwa heshi kamili (namba ya utambulisho wa msimbo wenyewe), si kwa lebo, maana lebo inaweza kuhamishwa.

nyuki_mdogo: Asanteni sana. Dada, kwa hiyo nianze na majaribio tu?

Bi_Saa: Majaribio tu. Amri zote ziweke kwenye skripti moja ndani ya mradi, faili la Actions liiite hiyo. travis-ci.org, huduma nyingine ya majaribio kama Actions, ilifungwa Juni 2021 na miradi mingi huria ilikuwa pale. Ukiwa na skripti yako, kuhama hakukusumbui. Ukikwama, bandika logi hapa niitazame.