Kundi la Familia, Tukuyu: Kozi ya Neema

Baba Neema: Habari za asubuhi familia. Matokeo ya Neema ya kidato cha sita ndiyo haya: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B. Tunamshukuru Mungu. Dirisha la udahili limefunguliwa, nataka aombe udaktari wa binadamu tu, vyuo vyote. Nani anazijua taratibu?

Mjomba Eze: Hongera sana binti! Hizo ni pointi ngapi?

Shangazi Tumaini: Hongera mwanangu 🙏🏾 B ni 4, C ni 3, D ni 2, jumla 9. Kaka, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa udaktari unataka pointi 6 kwa masomo hayo matatu, na lisiwepo lililo chini ya D. Sifa anazo. Lakini kuwa na sifa si kupata nafasi. Chuo cha Muhimbili wanaanza na wenye alama za juu, nafasi zinaisha. Akijaza udaktari peke yake anaweza kukaa nyumbani mwaka mzima.

Shangazi Tumaini: Halafu Neema yumo humu humu. Mwenyewe anasemaje?

Neema: Shikamooni. Udaktari siukatai. Ila moyo wangu uko kwenye udaktari wa mifugo, SUA, chuo cha kilimo Morogoro. Baba nilimwambia.

Baba Neema: Mwanangu, nimekusomesha ili ukachome ng'ombe sindano? Ukoo huu hauna daktari hata mmoja.

Mama Mdogo: Shemeji, bibi yuko hapa, nimemsomea. Anasema niandike hivi. Likizo ya Desemba Neema ndiye aliyekuwa anaandika maziwa kwenye daftari, asubuhi na jioni, kila ng'ombe kivyake. Akaona yule mweusi ameshuka kutoka lita 9 hadi 6 na kiwele kina joto upande mmoja. Akamkamulia kwenye kikombe cheusi, akamletea bibi aone mabonge. Bwana mifugo alipofika akasema ni ugonjwa wa kiwele, akatibiwa mapema. Hakuna aliyemtuma mtoto.

Shangazi Tumaini: Kaka, hilo daftari lina uzito kuliko tunavyodhani. Mimi nafanya kazi wodini, madaktari wa utarajali, yaani walio kwenye mafunzo kazini, nawaona kila mwaka. Miaka 5 ya chuo, kisha mwaka wa utarajali, zamu za usiku juu yake. Asiyeipenda kazi ile anateseka, na wagonjwa wanateseka naye. Nawahurumia sana wale waliochaguliwa na wazazi.

Baba Neema: Sawa, ila ajira je?

Shangazi Tumaini: Ajira ya serikali inasubiriwa na wote, hata madaktari wa watu wapo mtaani. Wa mifugo naye anasoma miaka 5. Nyama inayotoka machinjioni lazima ikaguliwe. Kimeta, kichaa cha mbwa, Homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu 2007, yote hayo yanatoka kwa wanyama. Na hapo Rungwe mwenye ng'ombe wa maziwa anamlipa anayemwokolea ndama.

Mjomba Eze: Na mkopo?

Shangazi Tumaini: Aombe mapema. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwanza, watu wengi hukwama hapo. Kwa kozi, ajaze mifugo SUA, udaktari wa watu, na sayansi ya maabara. Akipata vyuo viwili atathibitisha kimoja.

Neema: Mifugo niiweke ya kwanza?

Baba Neema: Subiri. Mama Mdogo, mwulize bwana mifugo kama Neema anaweza kuzunguka naye wiki hii, aione kazi yenyewe, si ng'ombe wa bibi tu. Siku moja nitakwenda nao. Tukirudi ataweka ya kwanza anayoitaka yeye.

Neema: Asante sana baba.

Mama Mdogo: Nimempigia. Anasema kesho saa 1 asubuhi, wanaanzia kwenye josho. Avae buti.

Shangazi Tumaini: Na kwenye fomu ajaze namba ya simu yake mwenyewe, ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo inatumwa huko. Asiweke ya mtu wa stesheneri.