Fungeni faili kabla ya kuzima kompyuta! Pesa za wanachama zinapotea

Wakuu, nimevumilia miezi, leo nasema.

Ofisi yetu ni SACCOS ndogo, kompyuta tano. Hisa, akiba, mikopo, marejesho, vyote viko ndani ya faili moja la Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye majedwali, kwenye folda ya pamoja. Watu watano tunalifungua hilohilo kutoka meza tano, wawili kwa Wi-Fi inayokatika kila mara. Ikikaribia saa kumi na moja jioni, mtu anabeba mkoba, anazima swichi ya ukutani, huyo kaondoka. Fomu iko wazi, rekodi iko nusu. Ukimwambia anakujibu, "Si inajisevu yenyewe?"

Ndiyo, inajisevu. Ukitoka rekodi moja kwenda nyingine, Access imeshaandika, haisubiri kitufe kama Word. Lakini kuandika siyo kufunga! Ukifungua faili la Access (linaishia na .accdb), pembeni yake kinatokea kifaili chenye jina hilohilo, kinaishia na .laccdb. Ndani yake yanaandikwa majina ya kompyuta zilizoingia. Wa mwisho akitoka vizuri, kinafutika chenyewe. Ukikata umeme programu ikiwa katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika, na ndicho kilichotupata.

Jumatatu nimefika saa mbili kasoro, nabofya, naambiwa faili halitambuliki. Kile kifaili cha .laccdb kipo palepale tangu Ijumaa, na ofisini niko peke yangu. Nikatoa nakala kwanza, nikapitisha Compact and Repair, zana ya Access ya kulibana na kulitengeneza faili. Likafunguka, ila jedwali la marejesho lina mapengo. Foleni nayo imeshaanza. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni akanisogezea kitabu chake dirishani: mhuri wetu upo, saini ya mwenzetu ipo, shilingi 85,000 za Ijumaa. Kwenye skrini hakuna kitu. Akapitisha kidole juu ya ule mhuri, taratibu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii hela nilimpa nani?" Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini.

Nakala rudufu je? Anayehusika hulinakili faili kwenye flashi saa sita mchana, wote watano tukiwa ndani tunaingiza data. Faili linaloandikwa wakati unalinakili, nakala yake huwezi kuitegemea. Nimejaribu ya wiki iliyopita, nayo imegoma.

Kuna na mhasibu, hulifungua kwa Exclusive, yaani kwa ajili yake peke yake, ili asisumbuliwe, kisha anakwenda kula. Wote tunabaki nje mpaka ashibe.

Aliyetutengenezea mfumo alilipwa, akaondoka, akatuachia kila kitu kwenye faili moja. Ilitakiwa majedwali yakae kwenye kompyuta kuu, na kila mashine iwe na faili lake la fomu na ripoti. Kazi hiyo ya kuligawa faili ina kitufe chake ndani ya Access, kwenye Database Tools. Wala hatuhitaji kununua kitu. Nimemwandikia meneja barua mbili, jibu ni "mbona unafanya kazi?" Unafanya kazi? Faili limefika giga 1.6 na mwisho wake ni giga 2. Ukifuta rekodi, nafasi hairudi mpaka ufanye compact, na compact haikubali kama kuna hata mtu mmoja aliyeliacha wazi. Na kwetu kila siku yupo aliyeliacha wazi, kafunga skrini kaenda benki na nenosiri analijua yeye tu.

Wadau mliowahi kuligawa faili likiwa na data za watu, mlimwelezaje bosi mpaka akakubali? Nataka hoja nimpelekee wiki hii hii.

Mimi niko hapa na vitabu vya stakabadhi, naingiza upya malipo ya Ijumaa moja baada ya jingine. Lile la mama wa mboga nimeliingiza la kwanza. Sasa hivi niko la 41, na kitabu cha pili sijakifungua.